Miguu Juu ya Shuka Jeupe

Nikifumba macho mchana, hasa siku za mvua, miguu ile ndiyo hunijia kwanza. Imelala juu ya shuka jeupe, imejaa udongo mwekundu hadi magotini, na dirishani kunaingia mwanga wa mawingu, ule usio na kivuli. Huwa kimya kabisa. Hata mtoto halii. Mimi nimesimama pale na simu mkononi, najua kitakachofuata, na katika ndoto hizo za mchana sijawahi hata mara moja kuuzuia mkono wangu.

Mimi ni mkunga. Nilizaliwa Kivaa, nikaolewa upande wa Masii, na zahanati niliyofanyia kazi wakati huo iko kilimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka sokoni. Watu waliniita sista. Nilikuwa na sifa mbili: mikono mizuri na mdomo mbaya. Mikono niliisomea, mdomo nilizaliwa nao. Mama akichelewa kliniki nilimsema mpaka benchi zima linacheka, nao walinivumilia kwa sababu nikishamaliza kumsema nilimhudumia vizuri. Halafu nilikuwa na mashuka yangu. Ya zahanati yalikuwa ya kijani iliyochakaa, kwa hiyo nilinunua meupe kwa pesa yangu, nikawa nayafua mwenyewe na kuyaanika kwenye kamba nyuma ya tangi la maji. Wenzangu walisema nayapenda kuliko bwana. Kuna siku walikuwa wanasema kweli.

Mwaka huo mvua za vuli zilikuja kwa pupa. Zilinyesha wiki nzima, vilima vikapotea katika ukungu, na njia ya kuja kwetu ikawa uji. Asubuhi ninayoikumbuka nilikuwa peke yangu kwenye zamu. Nilikuwa nimetoka tu kutandika shuka safi nilipowaona wanawake watatu mlangoni, wa katikati ameshikiliwa makwapani. Sikuwa nimesikia hatua zao. Walitokea katika ukungu wakiwa wamelowa, na mmoja wao alikuwa bado na jembe begani.

"Uchungu umeanza lini?" nikauliza.

"Jana jioni, sista."

"Jana jioni! Na mlikuwa mnangoja nini, mavuno?"

"Tulikuwa tunachimba," akasema yule wa jembe, akihema.

Neno hilo ndilo nililolishika. Huku kwetu mwanamke akisema anachimba, unajua ni mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaochimbiana mitaro ya kuzuia mmomonyoko, leo shamba la huyu, kesho la yule. Sikuuliza walikuwa wanachimba nini, wala wapi. Damu ilikuwa imeshanichemka.

Mtoto alikuwa njiani tayari. Alitoka kabla sijavaa glavu ya pili, msichana mzito mwenye hasira zake, na mama yake hakupiga hata ukelele mmoja. Nilipompima presha niliikuta iko juu kuliko ninavyopenda kwa mtu aliyetoka kujifungua. Nikampa dawa. Nikamwambia alale hapo hadi kesho yake, kisha arudi siku ya tatu na ya saba bila kukosa, kwa sababu presha ya mzazi huweza kupanda tena akiwa ameshafika nyumbani na kujisahau. Anaanguka kifafa, na anaweza asiamke. Aliitikia kwa kichwa, akageukia ukuta, akalala na mtoto wake. Wale wawili wakarudi kwenye ukungu.

Ndipo nikaliona shuka langu.

Niliipiga picha ile kwa uangalifu wa kitaaluma, na hili ndilo linaloniuma hadi leo. Tulifundishwa kwamba mgonjwa asitambulikane: uso usionekane, jina lisionekane, kadi isionekane. Basi nikaikata picha ikabaki miguu tu na shuka. Nikajiona nimemaliza wajibu wangu. Kisha nikaandika kwenye ukurasa wangu, mbele ya dunia nzima, kwamba wanawake wa huku hukumbuka wana mimba baada ya kumaliza mtaro, kwamba tumechoka kuwafundisha usafi, na kwamba wengine wangestahili kuzalia zizini pamoja na ng'ombe wao. Nilimalizia kwa kusema mimi ni mkunga na najua ninachosema.

Utamu wake siwezi kuukana. Mvua iligonga mabati, mama na mtoto walilala, na simu ilinitetemekea mfukoni kila dakika kama kifaranga. Wauguzi wa mbali nisiowajua waliandika "sema, dada", wakaweka vicheko. Wengine walieleza visa vyao vya matope na uchafu. Nilipika chai nikanywa nikiwa nimesimama dirishani, nikitazama weupe wa nje, na nilijisikia mtu mkubwa.

Kufikia saa nane maneno yalikuwa yamegeuka. Waliuliza mimi ni nani wa kumcheka mama aliyejifungua. Waliuliza mama yangu alinizalia wapi. Waliitaka ofisi inifute kazi kabla ya jioni. Hao niliweza kuwakasirikia, na nikawakasirikia vya kutosha. Walioniumiza ni wengine kabisa, watu waliochukua picha yangu wakaitumia kuwatukana Wakamba wote, watu wangu, kisha wakanishukuru kwa ushahidi. Walidhani tuko upande mmoja. Nilisoma shukrani zao moja baada ya nyingine.

Mdogo wangu anakaa Mlolongo, anafanya kazi kiwandani. Alinipigia wakati wa mapumziko yake, akinong'ona.

"Dada, hiyo kitu toa saa hii. Uko kwa simu ya kila mtu huku. Supavaiza ameisoma kwa sauti, watu wakakulaani mbaya sana."

"Na wewe ulisema nini?"

Akashusha sauti zaidi. "Nilijifanya sikujui."

Nikaifuta. Ilikuwa kazi bure, watu walikuwa wameshaihifadhi. Nikaandika kuomba radhi kwa "yeyote aliyekwazika", kwa sababu nimewasikia wakubwa wakiomba radhi hivyo maisha yangu yote, nikadhani ndivyo inavyofanywa. Watu wakakasirika upya.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kitanda kitupu. Juu ya godoro kulikuwa na kadi ya kurudi kliniki na vidonge vyake vya presha ndani ya bahasha, havijaguswa. Mlinzi aliniambia mama yule alipigiwa simu alfajiri, akasikiliza, akaomba beseni. Nilitoka nyuma ya tangi. Shuka langu lilikuwa kwenye kamba, linadondosha maji polepole katika ukungu, na lilikuwa jeupe pe. Nilisimama pale nimelishika upindo. Laiti angelichana ningejua la kufanya.

Siku hiyo hiyo niliitwa ofisini mjini, nikaambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa tena. Sikubisha. Nilikaa nyumbani nikihesabu siku za mwanamke yule. Siku ya tatu mwenzangu aliyeshika zamu yangu aliniambia hakurudi. Hakurudi yeye wala hakuja mwingine yeyote, benchi la kliniki lilikaa tupu asubuhi nzima. Nilipiga namba yake iliyokuwa kwenye kadi. Aliposikia sauti yangu akakata.

Nilichokiogopa sasa hakikuwa kazi. Kazi niliifikiria, siwezi kusema uongo, lakini nilipofumba macho nilimwona anainama kuchota maji, halafu hainuki. Nilijua ni kitu cha saa chache. Nilijua pia kwamba mimi ndiye niliyemfukuza kwenye dawa zake.

Mama mkwe wangu, ambaye nami humwita mwaitu, yaani mama, kama wanawe wanavyomwita, yumo katika mwethya ile. Kwa siku nne alinipakulia chakula bila kunitazama. Siku ya tano nilimkuta uani akichambua maharagwe, nikakaa chini mbele yake.

"Mwaitu, nilificha uso wake. Watu wamejuaje ni yeye?"

Akacheka, kicheko kisicho na raha. "Uso? Uso tunaonana kanisa, Jumapili. Kwa shamba tunainama kutoka asubuhi mpaka saa sita. Mimi niko na miaka ishirini nikiangalia miguu ya huyo mtu ikienda mbele yangu. Kile kidole chake kifupi ulikiona?"

Nilikuwa nimekiona. Nilikuwa nimeona hata kwamba kilipona vibaya.

"Kilikatwa na jembe. Jembe yangu mimi. Nilimfunga na kitambaa changu, akaendelea kuchimba." Akatupa changarawe moja pembeni. "Hiyo picha ilipofika, tulijua ni nani kabla ya kusoma. Wewe ungeweka uso, pengine hata tungeuliza."

Miaka yangu yote ya shule, mitihani, viapo, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilimwambia tu kwamba presha ya yule mama ilikuwa juu, kwamba anaweza kufa, kwamba nataka kumpima na kuondoka zangu.

Mwaitu aliendelea na maharagwe yake kwa muda mrefu. Nilidhani amekataa.

"Kesho kutwa tuko korongoni," akasema mwishowe. "Kuja na jembe. Mtu akisimama mikono mitupu kwa mwethya hakuna mwenye humwongelesha."

Ilikuwa siku ya saba. Nilikwenda na jembe, na mfukoni mwa sweta nilibeba kipimo cha presha nilichomnunulia mwaitu mwenyewe. Ukungu ulikuwa umejaa korongoni hadi juu, wanawake wakionekana nusu nusu, migongo tu, leso tu, jembe likipanda na kutoweka. Hakuna aliyenisalimu. Kiongozi wa nyimbo, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito, alikuja na fimbo yake ya kupimia, akanikatia sehemu yangu chini: fimbo tatu, sawa na kila mtu. Hakunionea, hakunipendelea. Nikainama.

Kwenye mwethya kiongozi huimba mstari na wote huitikia, ili majembe yashuke pamoja. Asiyeitikia hutiwa fimbo moja zaidi ya kuchimba, kwa kuwa anawavuruga wenzake. Nilikuwa nimezisikia nyimbo hizo tangu utotoni Kivaa na sikutegemea kitu kipya. Akaanza taratibu, kwa Kikamba.

"Sista amesema tukazalie wapi?"

"Zizini!" wakaitikia, majembe yakashuka.

"Sista amesema tunakumbuka lini?"

"Tukimaliza mtaro!"

Ulikuwa ujumbe wangu mzima, mstari kwa mstari. Alikuwa ameutafsiri vizuri kuliko nilivyoweza kuuandika. Haukuwa na chuki, na hilo ndilo lilinimaliza. Waliuimba wanavyoimba habari za mbuzi aliyepotea au bwana mlevi, kwa utani, huku wanafanya kazi. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilisogeza midomo. Mara ya tatu nikaitikia kwa sauti, "Zizini!", jembe langu likashuka pamoja na yao, na machozi yakaanza kunitoka wala sikuwa na mkono wa kuyafutia. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nilichimba nikiimba matusi yangu mwenyewe.

Na kwa kuwa niliinama, niliona miguu. Ilikuwa mbele yangu na kando yangu, mipana, myembamba, yenye nyufa za visigino, mmoja una kovu la kuungua, mwingine una ukucha mweusi. Nusu ya watu hao nilikuwa nimewazalisha. Niliwajua kwa tarehe na kwa presha. Miguu yao nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza, ikitembea kinyumenyume polepole katika ukungu, na ilikuwa kama ninaota ndoto ya mtu mwingine.

Ndipo nikagundua kwamba hatukuwa katika shamba la mtu. Udongo tuliotoa tulikuwa tunajazia pengo, siyo kuuinua kuwa tuta. Nikamuuliza jirani yangu, na nilipomtazama vizuri nikamtambua. Ni yule aliyekuja zahanati na jembe begani.

"Hapa ni kwa nani?"

"Hapa si kwa mtu. Ni njia ya kuja kwenu. Maji iliibeba ile wiki." Hakuacha kuchimba. "Yeye alishikwa na uchungu, pikipiki ikafika hapa ikashindwa. Tukaanza kuchimba alfajiri ndiyo ipite. Tulipoona mtoto hangoji, tukamvusha kwa miguu."

"Tulikuwa tunachimba," ndivyo alivyoniambia siku ile mlangoni. Nilinyooka, nikasimama na jembe langu, nikitazama lile pengo jekundu na upande wa pili ambako njia iliendelea kupanda kwenda zahanati. Walikuwa wanachimba kuja kwangu.

"Inama," akaniambia. "Umebakisha fimbo moja."

Karibu na saa sita ukungu uliinuka, na hapo nikamwona. Mzazi hachimbi, huketishwa karibu na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yetu, na huwa wa kwanza kupakuliwa. Alikuwa ameketi ukingoni na mtoto mapajani. Alikuwa amekaza leso kichwani hadi ngozi ya paji imekunjamana, na macho ameyafumba kuukimbia mwanga. Wengine waliona mzazi aliyechoka. Mimi nilijua nilichokuwa nakiona, nikalitupa jembe.

Nilipiga magoti mbele yake. Akafumbua macho.

"Utapiga picha?" akauliza.

Kabla sijajibu, kiongozi wa nyimbo alininyooshea kiganja. Nikampa simu, akaitumbukiza katika kikapu cha sukuma wiki na kuifunika kwa majani. Kicheko kikapita kidogo nyuma yangu.

"Nilikutukana," nikamwambia. "Sikuuliza mlitoka wapi. Nilikutukana mbele ya watu, na wewe ulikuwa mikononi mwangu. Nisamehe."

Akamhamishia mtoto mkono wa pili. Nilisikia moto ukipasuka chini ya sufuria.

"Hiyo shuka yako niliifua," akasema.

"Niliiona."

"Ilitoka?"

"Ilitoka kuliko ninavyofua mimi."

Akanyoosha mkono.

Kipimo kilisoma mia moja na sabini na tano juu ya mia moja na kumi na tano. Nilipima tena, na tena, nikitamani kiwe kimeharibika. Nikamuuliza machoni anaona nini, akasema tangu asubuhi anaona nyota nyota, na kichwa kinampasua, lakini hakutaka kusumbua watu siku ya kazi. Nikainuka nikapaza sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yangu mbaya ilikuwa na faida. Pikipiki ikaitwa. Ilishuka korongoni, ikakwama kwenye udongo mbichi, wanawake wakaisukuma kwa mikono na mabega, ikapita. Nilikaa nyuma nimemkumbatia, mtoto amefungwa kifuani mwangu, na njia ile mpya ilibonyea chini yetu bila kukatika. Vilima vilipita kando, vyeupe, vya kijani, vyeupe tena, na mimi nilimsemesha njia nzima asilale. Kwenye lami tulipata gari hadi hospitali kubwa mjini.

Walimwahi. Walimtundikia dripu, wakamdunga sindano ya kuzuia kifafa, na daktari aliniambia tungengoja hadi jioni angekuwa anaongea nami mambo mengine. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda na mtoto mikononi. Saa kumi hivi alasiri jua lilipenya dirishani, la manjano na laini, wodi ikawa tulivu, na nadhani nilisinzia. Katika kusinzia huko, bila kujua, nilipandisha miguu yangu mwisho wa kitanda.

Nilipofumbua macho, muuguzi kijana alikuwa amesimama pale. Alikuwa anatazama miguu yangu. Ilikuwa na udongo mwekundu hadi magotini, umekauka na kumwagika vipande juu ya shuka jeupe, na shuka lilikuwa safi, mtu alikuwa amelifua kwa bidii. Nilimwona akikunja midomo. Nilimwona ameshika simu. Pengine alikuwa anaangalia saa tu. Lakini sura ile niliijua kutoka ndani, nikashindwa hata kusogea.

Mwanamke yule alikuwa ameambiwa asiinuke. Aliinuka. Akajikokota na dripu yake mkononi, akafungua leso kichwani, akaikung'uta mara moja na kunifunika nayo miguu yote miwili, akaichomeka pembeni taratibu kama mtu anayemfunika mtoto.

"Huyu ni wetu," akamwambia muuguzi. "Alikuwa anachimba."

Kisha akajilaza tena. Mtoto akaanza kulia.